Namna ya kuandaa kipindi ambacho wanafunzi ndo wanatoka wamechoka, siyo mwalimu (mwongozo kamili, kwa darasa la watu 80)

Walimu wenzangu habari za majukumu. Mimi nafundisha fizikia sekondari, kidato cha kwanza na cha pili, mkondo wangu mdogo kabisa una watoto 68 na mkubwa una 83, maabara ipo ila vifaa ni vya kugombania. Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha vilevile nilivyofundishwa, yaani naingia, najaza ubao, nafuta, najaza tena, wao wananakili mpaka mkono unauma, nikimaliza nauliza "tumeelewana?" darasa zima linaitikia "ndiyooo" halafu mtihani ukija mtu anaandika kwamba meli inaelea sababu ina injini.

Kosa langu nililigundua kwa kuchelewa. Nilikuwa naandaa nitakachosema MIMI, sijawahi hata siku moja kuandaa watakachofanya WAO. Sasa naombeni tusichanganye mambo hapa, maana tangu mtaala wa 2005 tunaimbiwa umahiri na mbinu shirikishi, na wengi tukaelewa kwamba mbinu shirikishi ni kusema "kaeni makundi kumi, jadilini, katibu aje kuwasilisha". Kwenye kundi la watu wanane anafanya kazi mmoja, wawili wanamwangalia, watano wanaongelea mpira. Hiyo siyo ninayoizungumzia.

Nitatumia kipindi kimoja kama mfano mwanzo mwisho, densiti (yaani masi ya kitu ukigawanya kwa ujazo wake) na kuelea kwa kidato cha kwanza, dabo pirodi, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Wewe wa historia au bailojia utabadilisha vitu tu, mifupa ni ileile.

Hatua ya 1: andika kitu kimoja mtoto atakachoweza kufanya kengele ikilia

Kimoja tu. Na usiandike "aelewe dhana ya densiti", kuelewa hakuonekani kwa macho. Mimi niliandika hivi: aangalie kitu chochote, aseme kitaelea au kitazama, na sababu aitoe kwa densiti, siyo kwa uzito.

Hicho kipande cha mwisho ndo roho ya kipindi. Ukiwauliza watoto kwanini kitu kinazama, karibu wote watakwambia ni kizito. Hawajakosea kwa ujinga, kila siku wanaona jiwe linazama na jani linaelea, kwahiyo wamejijengea fizikia yao na inawatosha kabisa mpaka uwaoneshe pale inapokwama. Kwahiyo kabla hujaandaa chochote jiulize, kwenye mada hii watoto wanakuja wakiamini nini tayari? Kama hujui, waulize siku moja kabla, dakika tatu, waandike kwenye karatasi. Bila kujua hilo utafundisha vizuri sana na wataondoka na imani yao ileile, wameiwekea fomula juu.

Hatua ya 2: kwenye andalio la somo anza kujaza safu ya mwanafunzi

Tunalijua sote lile jedwali la mtaala wa 2005, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Na sote tunajua tunavyolijaza usiku ili mkuu wa shule asaini asubuhi, safu ya mwalimu inajaa, afu ya mwanafunzi tunaandika "kusikiliza na kujibu maswali" kuanzia juu mpaka chini.

Geuza. Anza na vitendo vya kujifunzia, na jiwekee sheria kwamba "kusikiliza", "kunakili" na "kuangalia" haviruhusiwi kuonekana zaidi ya mara mbili kwenye ukurasa. Lazima iwe anabashiri, anakokotoa, anamweleza jirani, anachora, anapima, anasahihisha kazi yenye kosa. Ukishajaza hiyo safu, ya mwalimu inajijaza yenyewe. Mara ya kwanza itakuchukua kama saa nzima, sikudanganyi, ila ukishafanya matano sita mkono unazoea.

Hatua ya 3: dakika tano za mwanzo, madaftari yamefungwa

Naingia nikiwa na maswali matatu kichwani, moja la kipindi kilichopita, moja la wiki mbili nyuma, moja la mwezi uliopita. Wanajibu kwenye karatasi ya rafu, hakuna kuangalia, hakuna maksi, wanajisahihisha wenyewe. Kwa kipindi hiki nilitumia: vipimo vya ujazo ni vipi, silinda ya kupimia unaisoma ukiwa jicho liko wapi, na tofauti ya masi na uzito.

Hii inaonekana ndogo ila kama ungenilazimisha nibaki na kitu kimoja kwenye mwongozo huu wote ningebaki nayo. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja walikisoma mara nne, jingine walikisoma mara moja tu halafu wakajaribu mara tatu kukikumbuka bila kukiangalia. Baada ya dakika tano, waliokisoma mara nne ndo walikuwa juu. Baada ya wiki moja kibao kikageuka, wale wa kusoma walikumbuka kama asilimia 40 na wale wa kujipima asilimia 61. Sasa fikiria mtoto wako anayekesha anarudia notsi mara nne usiku wa kuamkia mtihani, asubuhi anahisi anajua kila kitu, na wiki ikipita kichwa cheupe.

Sharti lake ni moja, kukosea kusiwe na adhabu. Siku unayoshika fimbo kwa sababu ya majibu ya hizi dakika tano umeiua kabisa, watoto wataanza kuibia kwa jirani na wewe hutajua tena nani anajua nini.

Hatua ya 4: wabashiri kwanza, na kila mtu aweke msimamo

Vifaa vya siku ile: mayai matatu ya dukani, glasi ya kioo, ndoo ya lita 20, pakiti ya chumvi ya nusu kilo na udongo wa mfinyanzi niliochimbiwa na vijana nyuma ya shule.

Nikaweka yai kwenye glasi ya maji, likazama, tulii. Nikaandika ubaoni: yai hilihili nikilihamishia kwenye ndoo iliyojaa maji litafanyaje? A, litaelea kwa kuwa maji ni mengi. B, litazama vilevile. C, litasimama katikati.

Sasa hapa ndo penye ufundi. Usiulize "nani anajua?" maana watanyoosha walewale sita wa mbele. Sekunde 30 za kimya, kila mtu anaandika herufi yake kwenye daftari, halafu nikihesabu moja mbili tatu wote wanaonesha vidole KIFUANI, kimoja A, viwili B, vitatu C. Kifuani, siyo juu, sababu vya juu jirani anaviona na anabadilisha vyake. Unatupa jicho darasani, sekunde kumi umeshajua watu 80 wamesimama wapi, na hujatumia hata karatasi.

Siku ile A walikuwa karibu nusu ya darasa. Nilifurahi balaa.

Mbinu hii ya kupiga kura halafu kubishana aliitangaza sana Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, ambaye miaka ya 1990 aligundua wanafunzi wake wanakokotoa maswali magumu vizuri tu ila swali rahisi la kuelezea linawashinda. Utaratibu wake ni hivi: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, swali limewazidi, rudi ufundishe kidogo. Wakizidi 70, elezea kwa kifupi songa mbele. Wakiwa katikati hapo, usiseme jibu! Waambie kila mmoja amgeukie wa dawati lake, kama mmetofautiana mshawishi mwenzako, dakika mbili, halafu tunapiga kura upya.

Wawili wawili, narudia, siyo wanane. Wakiwa wawili hakuna pa kujificha, mmoja akinyamaza mwenzake anamuona. Na hamna haja ya kuburuta madawati, ambayo peke yake inakula dakika saba.

Na ukiuliza swali la mdomo, tulia. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyerekodi walimu wengi darasani, alikuta mwalimu anasubiri kama sekunde moja tu kabla hajarukia kujibu mwenyewe au kumtaja mwingine. Ukifika sekunde tatu na kuendelea majibu yanakuwa marefu, yana sababu, na hata wale wa kimya wanaanza kuongea. Mimi sina subira kwahiyo nahesabu kichwani vidole vya mkono mmoja polepole. Jina nalitaja baada ya swali, siyo kabla, maana ukisema "Juma, densiti ni nini" wengine 79 wameshapumzika. Na majina nayachomoa kwenye kopo, nimeandika namba za mahudhurio kwenye vipande vya boksi, hakuna wa kusema namuonea.

Hatua ya 5: onesha, na ukubali mambo yakiharibika

Kura ya pili wengi wakahamia B, nikaweka yai kwenye ndoo, likaenda chini. Kelele hizo! Walioshinda wanashangilia kama Simba na Yanga. Nikauliza sasa tufanyeje lielee bila kuligusa yai lenyewe? Mmoja akasema chumvi, anatoka pwani huyo. Kwa nusu lita ya maji vijiko vya chakula vitano au sita hivi vinatosha, unaongeza kidogo kidogo unakoroga mpaka linanyanyuka lenyewe, na ule mnyanyuko wa taratibu ndo wanaoukumbuka mpaka kidato cha nne. Kwa taarifa tu, yai bichi zima linazama hata kwenye maji ya bahari ya kawaida, densiti ya maji hayo ni kama 1.025 tu, kwahiyo usiwe mchoyo wa chumvi.

Nikataka kurudia na yai la pili ili wa nyuma waone. Nikalitumbukiza kwenye maji YASIYO na chumvi, likaelea.

Jamani. Darasa likalipuka kwa kicheko, mimi jasho, kichwani nawaza nilifiche hili nichukue la tatu niendelee. Binti mmoja wa dawati la mwisho, ambaye muhula mzima sikumbuki kama alishawahi kuongea, akasema "mwalimu hilo viza, nyumbani tunayapima hivyohivyo."

Nikasimama. Nikamuuliza, kwanini viza lielee wakati ukubwa ni uleule? Nikawapa dakika mbili na jirani. Tukaleta mizani ya maabara, zima gramu 58, viza gramu 51, ujazo wa kila moja, tulioupima kwa maji lililoyamwaga kutoka kwenye kopo, ulikuwa karibu mililita 53. Gawanya mwenyewe, moja linatoka 1.09 na jingine 0.96, na maji ni 1.00. Yai likikaa sana linapoteza maji kupitia vitundu vya ganda, hewa inaingia, masi inashuka ila ganda haliwezi kunywea. Sijawahi kupata mfano mzuri wa densiti kuliko ule na sikuuandaa mimi.

Ndo maana nasema swali au jambo la ajabu likitokea usilizime. Tunalo funzo letu wenyewe nchini kwetu, Erasto Mpemba, mwaka 1963 akiwa mwanafunzi pale sekondari ya Magamba, walikuwa wanatengeneza aiskrimu, yeye akawahi nafasi kwenye friza akaweka maziwa yakiwa bado ya moto na yakaganda kabla ya yale ya mwenzie ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena akachekwa, ikaitwa fizikia ya Mpemba. Mpaka akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar, huyo akaenda kujaribu badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha wote wawili. Mpaka leo wanasayansi wanabishania jambo lile. Jibu langu mimi nikibanwa ni "sijui, tujaribu" au "sijui, kipindi kijacho", na kipindi kijacho lazima nije nalo kweli.

Hatua ya 6: sasa fundisha

Ndiyo, ubao na chaki. Kuna watu wakisikia kujifunza kwa vitendo wanadhani mwalimu anatakiwa anyamaze watoto wagundue kila kitu wenyewe, hapana bana, Archimedes mwenyewe, yule Mgiriki wa kanuni ya kuelea, hakuwa kidato cha kwanza. Tofauti ni kwamba sasa unaeleza kitu ambacho tayari wana njaa nacho. Dakika 12 zinatosha.

Kwenye kukokotoa napanda ngazi tatu. Kwanza nafanya mfano mzima mimi nikisema kila ninachowaza: kokoto ina gramu 54, maji kwenye silinda yalikuwa mililita 50 yakapanda mpaka 70, kwahiyo ujazo ni 20, densiti 2.7. Wa pili nauacha nusu, kokoto nyingine kutoka jiwe lilelile, gramu 81, ujazo 30, malizieni. Wakipata 2.7 tena nawauliza mbona zimelingana na moja ni kubwa kuliko nyingine? Hapo ndo wanang'amua kwamba densiti inafuata aina ya kitu, siyo ukubwa wake. Wa tatu wanafanya wenyewe kimyakimya, na nazunguka. Kurukia wa tatu moja kwa moja ndo kunawafanya wanakili kwa aliyeweza.

Kuhusu lugha: najadili na wao wanajadili kwa Kiswahili, kuandika ni Kiingereza. Ukilazimisha mabishano yawe kwa Kiingereza kidato cha kwanza utapata ukimya, na ukimya huo utadhani hawajui fizikia kumbe wanatafuta neno. Namalizia kwa kuandika ubaoni sentensi yenye mapengo ya Kiingereza, wanajaza sababu zao humo, maana mtihani hautawauliza kwa Kiswahili.

Hatua ya 7: kazi ya mikono yenye masharti

Kila dawati bonge la udongo kama ndimu. Ukilitupa majini linazama. Kazi: lifanyeni lielee bila kupunguza wala kuongeza udongo, halafu andikeni sentensi mbili kwanini. Wengi wanafinyanga bakuli ndani ya dakika nne, na swali la meli ya chuma linajijibu, ujazo umejumuisha na hewa iliyomo ndani. Ile sentensi mbili usiisahau, bila kuandika inabaki michezo ya udongo tu.

Hatua ya 8: kikaratasi cha kutokea

Dakika tano za mwisho, robo karatasi, swali moja: msumari wa gramu 5 unazama na gogo la kilo 200 linaelea, eleza. Wanaacha mlangoni kwa monita.

Hapa mtaniuliza nasahihisha vipi vikaratasi 83, jibu ni sisahihishi. Nagawa mafungu matatu, kaelewa, nusunusu, bado anasema "ni kizito". Robo saa nimemaliza nikinywa chai. Fungu la tatu likiwa kubwa kipindi kijacho naanzia hapo. Siku ile walikuwa 19, nikawarudia.

Mtakayokutana nayo

Kelele. Zitakuwepo na mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuchungulia. Wekeni ishara moja, mimi nanyoosha mkono juu kimya, kila anayeuona ananyoosha na kunyamaza. Wiki mbili za kwanza inasumbua, baadaye inafanya kazi.

Silabasi. "Nitamaliza saa ngapi?" Kwa kweli huwezi kufanya hivi kila kipindi na usijaribu. Chagua zile mada ambazo kila mwaka watoto wanaanguka, nyingine fundisha kawaida ila na zile dakika tano za mwanzo na kura moja ya vidole katikati. Na notsi acheni kuandika ubaoni neno kwa neno, toa nakala moja kwa kila madawati mawili au wanakili jioni, utashangaa dakika ngapi zinarudi.

Malalamiko ya wanafunzi wenyewe, hili lilinishangaza. Wale wazuri walisema "mwalimu siku hizi hafundishi, anatuuliza sisi". Usivunjike moyo. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walilinganisha, wanafunzi wa fizikia waliofanya kazi darasani walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu, ila mtihani ukaonesha kinyume. Kukuna kichwa kunaonekana kama kutokujua. Mimi nawaambia mapema kabisa wiki ya kwanza, mkiona panauma ujue ndo panaingia.

Kama ni mara yako ya kwanza, wiki hii fanya hatua ya 3 peke yake, vipindi vyote. Wiki ijayo ongeza kura moja. Usirukie udongo na ndoo siku ya kwanza, utajichosha na utasema haifanyi kazi.

Na baada ya kila kipindi andika mstari mmoja pembeni ya andalio, kitu cha kubadilisha mwakani. Wangu wa siku ile unasema: nunua mayai manne, mawili mabichi, mawili waombe dukani yaliyokaa sana, viza lianze KABLA ya chumvi. Na lile viza usilipasue darasani, mtanisamehe, hilo nililijua kwa njia ngumu.